Padri Laurence ana kesi ya kujibu

Ukiuliza nani aliwaponza Romeo na Juliet, wapenzi wa tamthilia ya Shakespeare, wengi watakutajia uhasama wa koo zao, Montague na Capulet. Wengine watasingizia nyota, kwa kuwa utangulizi wa tamthilia unazitaja. Mimi namshika Padri Laurence, tena si kwa ile ndoa ya siri aliyowafungisha. Namshika kwa barua.

Fuata kalenda ya Shakespeare. Jumapili usiku vijana wanakutana karamuni, Jumatatu mchana wanaoana, na muda si mrefu Romeo anamuua Tybalt, binamu yake Juliet. Alfajiri ya Jumanne anaondoka Verona kwenda uhamishoni Mantua. Siku hiyohiyo Juliet, ambaye hajatimiza miaka 14, anakimbilia kwa padri: baba yake ameamua aolewe na Paris, mchumba aliyemchagulia, Alhamisi. Padri anampa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, ainywe Jumatano usiku, naye atamwandikia Romeo aje amchukue kaburini.

Mzee Capulet, babaye Juliet, anaivuruga hesabu hiyo. Juliet anaporudi akijifanya mtiifu, mzee kwa furaha anaamua harusi iwe kesho yake, Jumatano. Mkewe anamwambia Alhamisi inatosha, hasikii. Dawa inanyweka Jumanne usiku, siku nzima kabla ya wakati. Lawama anayo, sikatai, hasa ukikumbuka alivyomtishia binti yake kwamba atamwacha afe njaa barabarani.

Lakini Jumatano asubuhi padri mwenyewe anafika nyumbani kwa Capulet kufungisha ndoa, anakuta kilio. Ni yeye peke yake anayejua kwamba saa 42 zimekwisha kuanza kuhesabiwa. Anahimiza maziko, basi. Barua kamkabidhi mtawa mwenzake, John, na hafuatilii. John naye, kabla hata hajatoka mjini, alikwenda kutafuta mtawa wa kufuatana naye safarini, akamkuta akizuru wagonjwa. Wakaguzi wakashuku tauni, wakawafungia ndani. Padri anapoletewa habari hiyo zimebaki saa 3 Juliet azinduke.

Kinachoniudhi zaidi kiko nyuma kidogo, tendo la 3, onyesho la 3. Padri anamwahidi Romeo kwamba atamtafuta mtumishi wake Romeo, awe anampelekea habari njema za Verona. Mtumishi huyo, Balthasar, yupo mjini muda wote. Anamwona Juliet akilazwa katika kaburi la ukoo, anakwenda mbio Mantua kumwarifu bwana wake. Hakuna aliyemnong'oneza kwamba Juliet amelala tu. Swali la kwanza la Romeo ni kama ameleta barua za padri, na kabla hajaachana naye anamuuliza tena. Hana. Romeo ananunua sumu kwa dukati 40, sarafu za dhahabu, anarudi Verona kufa.

Na bado padri alikuwa na nafasi moja. Anaingia kaburini, Romeo amekwisha kufa, Juliet anaamka mbele yake. Kelele za walinzi zinasikika; anamsihi watoke, binti anakataa, padri anakimbia. Anamwacha msichana aliyefiwa dakika hiyo peke yake, na jambia la mumewe liko karibu.

Anapokamatwa anaeleza yote na kusema yuko tayari kuadhibiwa kwa sheria kali. Mtawala Escalus anamjibu kwamba siku zote wamemjua kuwa mtu mtakatifu, kisha anaita shahidi mwingine. Anayeitwa ni Balthasar.