Wanaoumia ni wanaosafisha

Ajali ikitokea kiwandani au machimboni, jibu la ofisini huwa limeshaandaliwa: kijana alikuwa mzembe. Hakuvaa glavu, hakusikia maelekezo, aliingiza mkono pasipotakiwa. Silikubali jibu hilo, na sisemi hivyo kwa huruma tu. Kama uzembe ungekuwa ndiyo chanzo, ajali zingetawanyika kokote walipo watu: getini, kantini, kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Lakini zinarundikana kwenye kazi ya aina moja, nayo ni kusafisha na kuzibua. Opareta aliyekaa kitini huku mtambo unazunguka vizuri haumii sana. Anayeumia ni yule aliyeitwa kufagia chini ya mkanda unaobeba mzigo, kutoa jiwe lililokwama kwenye krasha (mashine ya kuponda mawe), au kugongagonga shuti (mfereji wa kushushia mzigo) iliyoziba, na juu yake kuna mtu anauliza kila dakika, "Bado tu?"

Huku kusini mwa Tanzania kazi za namna hii zimeongezeka. Mtwara kuna saruji tangu 2015. Kilwa wanachimba jasi, Ruangwa kuna kinywe (grafiti, madini meusi ya penseli), na kokoto zinapondwa kila barabara inapojengwa. Bidhaa ni tofauti ila njia ni ile ile: mzigo unaingia, unapondwa, unabebwa na mkanda, unachekechwa, unahifadhiwa. Popote njia hiyo inapoziba, anatumwa mtu.

Tuanze na mkanda, maana ndio ulioenea kuliko mtambo mwingine wowote. Mzigo wote hauanguki unapotakiwa kuanguka. Vumbi lenye unyevu hung'ang'ania kwenye mkanda na kudondoka taratibu wakati mkanda unarudi, likajaa chini ya rola na kwenye puli ya nyuma, gurudumu ambalo mkanda unalizungukia. Hapo ndipo kibarua anapopewa beleshi. Na hapo hapo, pale mkanda unapokutana na puli, ndipo mkono unapoliwa. Mkanda wa kawaida hukimbia mita 1.5 hadi 2 kwa sekunde. Beleshi likinaswa, mpini unaondoka na aliyeushika kabla hajawahi kuuachia. Glavu pana na mikono mirefu ya ovaroli haisaidii hapo, inaongeza cha kunasa.

Sasa tafuta chanzo. Mbele kwenye puli ya kichwa kuna kikwangulio, kipande cha raba au chuma kinachofuta mkanda baada ya kumwaga mzigo. Kikiisha, uchafu unarudi nao. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na mkanda wenyewe, lakini ndicho kinachosahaulika kuagizwa. Ukiona vibarua wanne wanafagia chini ya mkanda mmoja kila zamu, kabla ya kutafuta mzembe tafuta kikwangulio.

Wavu wa kinga nao una kisa chake. Mara nyingi nipeli za beringi, vitundu vya kupitishia grisi, zimewekwa ndani ya wavu. Fundi anaufungua kila anapopaka grisi. Bolti nne zinakuwa mbili, mbili zinakuwa waya wa kufungia, na mwishowe wavu umeegeshwa ukutani unaota kutu. Watu wanapewa karipio, wavu unarudishwa kwa wiki moja, kisha unaegeshwa tena. Dawa yake ni kijibomba cha kuleta nipeli nje, ili grisi ipakwe bila kugusa bolti hata moja. Kazi ya nusu siku kwa fundi mmoja. Nashangaa viwanda vinavyotumia fedha nyingi kwenye mabango ya "Usalama Kwanza" na kukosa nusu siku hiyo.

Kuna imani moja iliyojeruhi watu wengi: kwamba kitufe chekundu kikishabonyezwa, mtambo umezimwa. Kitufe kinakata amri ya kuwaka, hakikati umeme wenyewe. Kamba ya dharura kando ya mkanda ni hivyo hivyo. Mtu mwingine anaweza kukirudisha kitufe bila kukuona, kwa kuwa wewe uko chini ya mkanda na yeye yuko chumba chenye kiyoyozi mita 200 kutoka hapo. Isitoshe, mikanda huwaka kwa mpangilio, wa mwisho kwanza, wa kwanza mwisho. Mkanda unaousafisha unaweza kuwaka pasipo mtu yeyote kuukusudia, kwa vile tu zamu yake kwenye mpangilio imefika.

Kinachozima mtambo kweli ni kufuli. Utaratibu wake si siri na si mgumu. Opareta anaarifiwa na anasimamisha mtambo. Fundi umeme anakata swichi kuu ya mtambo huo, na kila anayekwenda kufanya kazi anafunga kufuli lake mwenyewe, lenye ufunguo mmoja unaokaa mfukoni mwake. Wakiwa sita, makufuli ni sita. Kuna kishikio cha chuma chenye matundu mengi kwa ajili hiyo. Kadi yenye jina inaning'inizwa. Kisha mtu anabonyeza kitufe cha kuwashia kuhakikisha hauwaki. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayofichua kwamba iliyokatwa ni swichi ya mtambo wa jirani. Kufuli moja la msimamizi kwa niaba ya watu sita si kufuli. Akienda kula na kulifungua akidhani wote wametoka, atakayebaki ndani ndiye atakayejua.

Hata umeme ukikatwa bado kuna nguvu iliyolala. Mkanda wa mteremko uliojaa mzigo unaweza kurudi nyuma kwa uzito wake. Uzito unaokaza mkanda unaning'inia. Gurudumu zito la krasha linaendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya mota kunyamaza. Tangi la hewa lina mgandamizo. Kila kimoja kinahitaji kuzuiwa au kumwagwa kabla mtu hajaingia.

Krasha inastahili neno lake. Jiwe kubwa likikwama kati ya taya, jaribu la kila mtu ni kupanda juu na mtaimbo. Jiwe lile limebanwa, na likiachia, mtaimbo unarushwa kwa nguvu ambayo mkono hauizuii, au jiwe linazama na miguu ya aliyesimama juu yake. Jiwe la namna hiyo hutolewa kwa nyundo ya haidroliki iliyofungwa kwenye mkono wa mashine, au kwa mnyororo na winchi, krasha ikiwa imefungwa kwa kufuli. Na kabla ya yote lilitakiwa lisifike pale: nondo za kuchuja mdomoni mwa hopa, chombo kinachopokea mawe, huzuia jiwe lililozidi ukubwa. Nondo zikikatwa ili tipa zimwage haraka, bei ya haraka hiyo inalipwa na anayeshika mtaimbo.

Kwenye saruji kuna kazi moja ninayoiona ya hatari kuliko zote, nayo ni kuzibua saikloni, mitungi mikubwa yenye umbo la koni. Unga wa malighafi hushuka kupitia saikloni zilizopangana ghorofa kwa ghorofa kabla ya kuingia tanuru, na kwenye ile ya chini joto huwa kati ya nyuzi 800 na 900 za Selsiasi. Ikiziba, unga unajaa juu ya kizibo. Kizibo kikiachia ghafla, unga ule wa moto, uliojaa hewa, unatiririka kama maji na kupenya kila tundu lililofunguliwa. Kwa hiyo malisho yanasimamishwa kwanza, bunduki za hewa (vifaa vya kupuliza hewa kulegeza unga) zinafungwa valvu na kumwagwa mgandamizo, ghorofa za chini zinaondolewa watu wote na kuzungushiwa utepe, tundu linafunguliwa moja tu kwa wakati, na wanaochokoa wanavaa suti ya kuakisi joto mwili mzima, kofia yenye kioo, glavu na buti, huku wakiwa na njia ya kukimbilia iliyo wazi nyuma yao. Ovaroli ya pamba na miwani si vazi la kazi hiyo. Kiwanda kisicho na suti hizo za kutosha hakina haki ya kumtuma mtu, hata kama tanuru litapoa na uzalishaji wa siku nzima upotee.

Machimboni hatari hubadilika sura. Ukuta wa mawe hauchimbwi kwa chini ukaachwa unaning'inia, lakini wachimbaji wadogo wa kokoto na jasi wanafanya hivyo kila siku kwa sababu jiwe laini liko chini na la juu "litashuka lenyewe". Hushuka kweli. Ukuta mrefu hukatwa ngazi kwa ngazi, na mawe yaliyolegea juu yanaangushwa kabla mtu hajasimama chini yake. Kwetu mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili; asubuhi baada ya mvua kubwa ukuta ukaguliwe upya, kwani maji huingia kwenye nyufa na kulegeza kilichoonekana imara jana. Barabara za tipa ziwe na tuta pembeni lenye kimo kisichopungua nusu ya tairi la gari kubwa linalopita hapo. Tuta dogo zaidi tairi linalipanda.

Kuhusu baruti nitasema moja tu: usitoboe tena kwenye shimo lililokwisha kulipuliwa, hata mabaki yake. Huenda kuna baruti iliyogoma kulipuka ndani.

Vumbi haliui siku hiyo hiyo, ndiyo maana halihesabiwi ajali. Chokaa ina silika kidogo, lakini mchanga, graniti na mawe mengine magumu yanayopondwa kuwa kokoto yana nyingi, na punje zinazofika ndani ya mapafu ni zile zisizoonekana kwa macho. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, haina tiba. Kitambaa, kanga au barakoa ya hospitali haizuii punje hizo. Maji yakinyunyizwa mdomoni mwa krasha na pale mkanda unapomwaga mzigo yanasaidia kuliko barakoa elfu moja. Na kinywe, kwa wanaofanya kazi Ruangwa, kina mambo mawili ya ziada: kinateleza kikiwa kikavu na kikilowa, na kinapitisha umeme, kwa hiyo vumbi lake likiingia kwenye paneli ya umeme linaleta shoti.

Turudi kwa anayetumwa. Kazi ya kusafisha hupewa kibarua aliyeletwa na wakala, mkataba wa miezi michache au hata siku. Mafunzo yake ni dakika kumi na helmeti. Sheria ya kazi inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwa siku mwisho ni saa 12, ziada ikiwa ndani yake, lakini saa zile za mwisho za usiku ndizo anazoambiwa azibue ili zamu inayoingia ikute mtambo unatembea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, afunike mitambo na kupima afya za wafanyakazi. Haisemi "isipokuwa wa wakala".

Ripoti ya ajali ingekuwa na manufaa kama ingejibu maswali haya: ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani? Mtambo ulisimama dakika ngapi kabla ya kuwashwa? Uliziba mara ngapi mwezi huo kwa sababu ile ile? Hilo la tatu ndilo linalowaumbua mabosi. Mtambo unaoziba mara 20 kwa mwezi umemweka mtu hatarini mara 20, na siku atakayoumia hakutakuwa na jipya alilolifanya.

Mtu akiumia, umbali wetu na hospitali unafanya dakika za kwanza ziwe za thamani. Saruji machoni: maji yanayotiririka, angalau dakika 20, hapo hapo, kabla ya gari kuwashwa. Saruji mbichi ni kali, inaunguza ngozi polepole bila maumivu ya mwanzo, kwa hiyo nguo na gambuti zilizoingia zege zivuliwe. Saruji kavu ipanguswe kwanza, kisha maji mengi. Kuungua kwa moto ni maji ya kawaida dakika 20, bila dawa ya meno, bila mafuta. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndio uwekwe kwenye maji ya barafu. Nyama isigusane na barafu yenyewe.

Halafu fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa sheria ya 2008, na michango yake yote hutolewa na mwajiri. Mshahara wako haukatwi hata senti. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba uliumia kutokana na kazi na ukiwa kazini, ndiyo maana hadithi ya "alikuwa mzembe" isikutishe ukaacha kudai. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7. Akizungusha, ripoti mwenyewe au kupitia chama chako cha wafanyakazi.

Weka nakala ya mkataba hata kama ni wa wakala, hati ya malipo au ujumbe wa simu unaoonyesha ulilipwa, na cheti cha hospitali kinachoeleza kwamba jeraha ni la kazini. Mwambie daktari tangu siku ya kwanza, maana kadi ikiandikwa "alianguka" tu, kuibadilisha baadaye ni shida. Chukua na namba za simu za mliokuwa nao zamu hiyo. Msimu wa korosho ukianza vibarua wanatawanyika, mmoja Tandahimba, mwingine Newala, na wakala aliyewaleta hana daftari lenye majina yao.