Kabla hujachagua chuo cha udaktari, ulizia kitanda

Jumapili iliyopita nilikwenda Tabata kwa mama mdogo kula pilau, nikaishia kukagua daftari. Mwanawe karudi JKT, kakonda, kanyolewa kipara, na ukimwita akiwa chumbani anaitika kama yuko gwaride. Matokeo yake ya kidato cha sita ni mazuri: Kemia B, Biolojia B, Fizikia C. Pointi 11 kwa hesabu ya udahili wa vyuo. Mtaani tayari wanamwita daktari, na kuna mama jirani kishamwonyesha mguu wake uliovimba.

Daftari lenyewe ni kaunta buku. Kila chuo kakipa ukurasa wake, kapiga mstari katikati kwa rula, kushoto FAIDA, kulia HASARA. Muhimbili upande wa faida kaandika "jina", "ada nafuu", "naenda na kurudi nyumbani"; upande wa hasara, "ushindani". Kairuki, faida: "Mikocheni". Nikamuuliza Mikocheni ni faida ya namna gani, akacheka tu. Bugando: "ziwa". Ukurasa wa Ifakara upande wa faida ulikuwa mtupu, na upande wa hasara neno moja kwa herufi kubwa: MBALI.

"Dada, we ulichaguaje?"

Swali lilinichoma kidogo, kwa sababu mimi sikuchagua. Mwaka 2018 niliomba vyuo vitatu, nikapata viwili, na utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni kwamba ukidahiliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja. Nilikwenda kuthibitisha steshenari moja pale Buguruni, siku ya mwisho, jioni, watu wamejaa mpaka barazani. Kijana wa kompyuta akaniuliza bila kugeuka, "Sista, tunaweka kipi?" Nikamtajia kile ambacho shangazi yangu anakaa karibu nacho. Akabonyeza. Nikalipa elfu mbili. Miaka mitano ya maisha yangu ikaamuliwa hivyo, na kijana akasema, "Anayefuata."

Sasa nimemaliza, nimepita utarajali, ule mwaka wa mazoezi hospitalini, niko kazini katika hospitali moja hapa jijini. Na nikilitazama daftari la mdogo wangu naona safu zote mbili zimemsahau mtu mmoja: mgonjwa. Hakuna ukurasa wowote alipoandika atawaona wagonjwa wangapi, lini, na akiwa amesimama wapi.

Kusimama wapi ndiyo habari yenyewe. Udaktari wetu ni miaka mitano. Miwili ya mwanzo ni darasa, maabara na chumba cha anatomia, na hapo vyuo havitofautiani sana: misuli ya mkono ni ileile Upanga kwa Muhimbili na Mwanza kwa Bugando, na ile harufu ya fomalini inaingia kwenye nywele popote. Mwaka wa tatu mnaingia wodini. Chuo changu sitakitaja, maana sidhani kilikuwa kibaya kuliko vingine. Kikundi chetu kilikuwa cha watu kumi na wanane. Weka na daktari bingwa, marezidenti wawili (madaktari wanaosomea ubingwa), watarajali, muuguzi wa zamu, wanafunzi wa uuguzi, wote wamezunguka kitanda kimoja cha mzee mmoja anayeona aibu. Mimi ni mfupi. Wiki zangu za kwanza za tiba ya ndani nilichokijua vizuri kuliko vyote ni mgongo wa koti la mwenzangu aliyekuwa akisimama mbele yangu. Lilikuwa na doa la wino chini ya kola. Bingwa anasema, "Sikilizeni huo mvumo wa moyo," tunapokezana, sekunde chache kila mtu, tunatikisa vichwa wote kumi na wanane. Baadaye kantini tukaulizana. Waliokiri kuusikia kweli walikuwa watatu.

Nilijifunza kuzalisha kwa kubahatisha. Logibuku, daftari la kuandikia kila ulichofanya wodini, ilitaka idadi na saini, na leba tulikuwa wengi, basi ukipata mama mmoja kwa usiku unashukuru. Mambo yalibadilika tulipopelekwa wiki chache hospitali ya wilaya, mbali na lami. Usiku wa kwanza mkunga wa makamo akaniita, akina mama watatu wameiva kwa pamoja, na yeye yuko peke yake. Kichwa kikatoka. Mimi kwa woga nikataka kuvuta. Akaweka kiganja chake juu ya wangu, kizito, cha moto ndani ya glavu, akasema polepole, "Daktari, usivute. Kiache kigeuke chenyewe, kisha tafuta bega." Kikageuka. Nililihisi lile bega likija. Wiki zile chache zilinifundisha kuliko muhula mzima, na hakukuwa na jengo la kupigia picha.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu achukue ukurasa mpya, juu aandike KITANDA, kisha tuanze upya.

Muhimbili kwanza, maana ndiyo ndoto ya kila mzazi wa Dar. Ilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari, ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili. Walimu wako pale, na ndani ya eneo lilelile kuna Taasisi ya Mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ukitaka saratani, Ocean Road si mbali. Mambo ambayo mwenzako mkoani atayasoma kitabuni, wewe utavuka korido ukayaone. Hilo si dogo. Lakini hospitali ya taifa ndiyo kituo cha mwisho. Mgonjwa kafika pale akiwa kapita zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa. Aliyeumwa malaria ya kawaida akapona hukumkuta, na nimonia ya mtoto iliyotibika kwa siku tano imeishia Mbagala. Unaweza kuona uvimbe wa ajabu wa ubongo kabla hujawahi kumtibu mtoto wa kuhara mwanzo mpaka mwisho. Na kwa kila kitu cha kushika kwa mkono, mbele yako kuna rezidenti anayesomea ubingwa, naye ana logibuku yake.

Ifakara sasa. Pale Mtakatifu Fransisko ni hospitali ya rufaa katikati ya bonde la Kilombero, watu wanatoka vijijini mashambani kwenye mpunga, na kituo cha utafiti wa magonjwa ya tropiki, malaria ikiwemo, kimekuwepo mji uleule tangu miaka ya 1950. Chuo kiko mlangoni pa hospitali. Kinachokosekana ni vifaa vikubwa na mabingwa wa kila fani, na hapo usidanganyike, upungufu huo utauhisi. KCMC Moshi na Bugando Mwanza ziko katikati ya mizani: hospitali zote mbili zilifunguliwa mwaka 1971, zote zinabeba kanda nzima. Mtoto wa Moshi au Mwanza hahitaji kushawishiwa. Ni sisi wa Dar tunaodhani nchi inaishia Kibaha.

Kama ningerudi steshenari ile ya Buguruni leo, ningemwambia yule kijana aweke cha mkoani. Ndiyo maoni yangu, na najua wenzangu waliosoma Upanga watanirukia. Sababu yangu ni utarajali. Baada ya miaka mitano kuna mwaka mmoja ambao kila mhitimu anapangiwa hospitali, kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijamsajili kamili. Siku ya kwanza hakuna aliyetuuliza tumesoma wapi. Muuguzi alitukabidhi mtoto aliyekauka kwa kuhara, mishipa haionekani. Mimi mkono ulitetemeka. Mwenzangu aliyesoma mkoani akapiga goti, akaupapasa mguu kwa kidole, akapata mshipa mara moja. Yeye huyohuyo alikuja kuniuliza wiki ileile namna ya kusoma picha ya siti skani, kwa sababu kwao ilikuwa adimu. Nikamfundisha kwa jioni mbili. Mkono wake mimi niliutafuta miezi.

(Waliotupita wote ni wale waliokuja chuoni wakiwa tayari na diploma ya utabibu. Walishafanya kazi vituo vya afya. Wodini walikuwa wanatuonea huruma.)

Mama mdogo alikuwa anasikiliza kutoka jikoni, akaingia na hoja yake: akisoma hapahapa anakula nyumbani, hapangi chumba. Hoja nzuri kwenye karatasi. Lakini mwenzetu mmoja aliyekuwa akitokea Chanika alikuwa anaamka saa tisa na nusu usiku ili raundi ya asubuhi imkute, na kurudi anakuta watu wamelala. Alikuwa na akili kuliko mimi, akasapu, yaani akarudia mitihani ya, masomo mawili mwaka wa pili. Alichoka tu. Na ukisema Muhimbili siku hizi kuna Upanga na kuna Mloganzila, kule barabara ya Morogoro. Kutoka Tabata ni safari mbili tofauti kabisa. Nauli ya miaka mitano na usingizi wa miaka mitano viingie kwenye safu ya hasara, ndipo tulinganishe na chumba cha Ifakara.

Ada sitaizungumzia sana, kila mtu anaijua. Tofauti kati ya chuo cha serikali na cha binafsi ni ya mamilioni kwa mwaka, na kosa la wazazi wengi ni kuisoma kama ya mwaka mmoja. Zidisha kwa tano. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hauji lazima kwa asilimia zote, na ukianza kazi wanakata asilimia 15 ya mshahara. Nina wenzangu wenye leseni ambao bado wanajitolea hospitalini wakisubiri ajira za serikali, kwa hiyo hesabu ya "nitalipa nikiwa daktari" ifanywe kwa adabu.

Kuna na mjomba, ambaye hakuwepo lakini hoja yake ilikuwepo: mpeleke China. Mawakala wana vipeperushi vya kupendeza, na wapo madaktari wazuri waliosoma nje, sibishi. Ila kwanza lazima TCU ikupe cheti cha kutokuwa na pingamizi, na yaliyowakuta watoto wetu Ukraine Februari 2022, kukimbia vita wakiwa katikati ya masomo, bado hatujayasahau. Kubwa kwangu ni lugha. Sisi tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa anakuja na Kiswahili chake. Mama wa Temeke hakwambii maumivu yako upande gani wa fumbatio. Anakwambia chango linamsumbua, au mwili unawaka moto, au moyo unamwenda mbio kisha "unadondoka". Mzee anasema ana ngiri, na anamaanisha kitu ambacho hakimo kabisa kwenye kitabu chako chini ya neno hilo. Kuijua lugha hiyo ya maradhi ni nusu ya kazi, na haifundishwi darasani. Unaidaka kitandani, kwa miaka, kwa kukaa na watu wanaoizungumza. Aliyesoma miaka sita kwa mkalimani anarudi kuanza upya.

Mdogo wangu akauliza, sasa haya mambo ya kitanda atayajuaje, maana tovuti za vyuo zote zina picha ya mwanafunzi anatabasamu na stetoskopu. Nikamwambia asiende ofisi ya udahili, pale atapewa karatasi ya ada. Apande gari, aende kantini ya hospitali saa saba mchana, atafute mwanafunzi wa mwaka wa tano aliyechoka. Amuulize: kikundi chenu wodini mko wangapi? Umezalisha wangapi kwa mkono wako mwenyewe, siyo kwa kuangalia? Bingwa anakuja raundi au anamtuma rezidenti? Mlioanza pamoja wamedisko, wameondolewa chuo kwa kufeli, wangapi? Kuna mwaka mlikaa bila mwalimu wa somo fulani? Aliyechoka hana muda wa kukupamba. Na kabla ya yote afungue mwongozo wa TCU wa mwaka huu ahakikishe programu imo, kwa sababu mwaka 2017 tume ilizuia vyuo kadhaa kudahili, na kuna watu walikuwa wameshanunua masanduku.

Akaandika yote. Mwandiko wake tayari hausomeki, hiyo ni dalili nzuri. Kisha akarudi ukurasa wa Ifakara, akaliangalia lile MBALI muda mrefu, hakulifuta. Akaandika upande wa pili, kwa herufi ndogo: "leba".

Mama mdogo akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga.

"Hebu, kutoka pale stendi ya Magufuli mpaka huko Ifakara kwenu, nauli shilingi ngapi?"