Hebu Nitaje!

Jamani, kuna watu inabidi wapigwe faini. Hawa wanaokusimamisha njiani, wanakushika mkono hawauachii, halafu: "Mzee, umenisahau? Hebu nitaje!"

Nimetoka kukumbana na mmoja sasa hivi, kwa wakala wa pesa, foleni nzima inasikiliza. Sura naijua. Jina sasa! Lipo hapa kooni, ila kutoka halitoki. Nikakohoa kiutu uzima. "Ah, wewe tena! Nyumbani hawajambo?" Nilikuwa natega. Hakunasa.

"Hawajambo. Mimi nani?"

"Na mama anaendeleaje?"

"Alishafariki."

Nikatoa pole. Akapokea pole, mkono hajauachia. "Sasa mimi nani?"

Binti wa kibandani ananiambia mzee weka namba ya siri, na namba ya siri nayo imeshaondoka, imelifuata jina. Mama mmoja nyuma yangu akajitolea: "Labda anaanzia na J?" Mwingine akasema hapana, huyu ana sura ya Hamisi. Foleni imegeuka chemsha bongo, na mimi ndiye ninayefeli.

Mwisho akajitaja mwenyewe, kwa uchungu: "Mimi ndiye niliyekuuzia beberu mnadani Pugu, mwaka 2011!"

Beberu nikamkumbuka papo hapo. Mweusi, pembe moja imekatika, nyama tuliichemsha kutwa nzima na bado ikatushinda. Lakini wewe muuzaji nikuweke wapi? Kichwani kuna nafasi? Kitambulisho cha taifa tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, hizo sawa; 12 zilizobaki nizitoe wapi? Tokeni ya umeme 20 nyingine. Nywila ya baruapepe inataka herufi kubwa, namba na alama ya mshangao. Mshangao ninao wa kutosha.

Binti yangu muuguzi anasema, baba, ni umri tu: majina yanachelewa kuja, ila msamiati hubaki, hata huongezeka. Kweli, matusi yote ninayo. Akanisomea kwenye simu: jopo la jarida la Lancet, mwaka 2024, lilitaja mambo 14 ya kuangalia ili kupunguza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Presha, sukari, sigara, masikio, upweke. Upweke! Dar hii, upweke nitaupatia wapi? Hata kutoa pesa nasindikizwa na kamati!

Tena nilale vizuri, eti usingizini ndipo ubongo unapopanga ya mchana. Nilale na spika za baa ya jirani? Nitembee kila siku. Nitembee wapi, bodaboda wamehamia njia ya miguu?

Na mbona konda hakuna anayempeleka hospitali? Asubuhi nimempa noti ya elfu kumi, "chenji baadaye, mzee." Nashuka, ananitazama kama mgeni wa nchi hii: "Noti gani?" Kijana mbichi kabisa, hata presha hana!