Kiti cha Ziada Huombwa, Hata Kama Jina Limeshaandikwa

Mwezi uliopita rubani mmoja kijana, ambaye hata miaka mitatu hajatimiza tangu apate leseni ya biashara, aliniuliza swali ambalo limenikaa kichwani. Tulikuwa kivulini nje ya jengo la abiria la uwanja wa ndege wa Dodoma, tukiwasubiri abiria waliocheleweshwa na kikao. "Kapteni," akaniambia, "kama kampuni imeshanipa barua ya kusafiri kwenye kiti cha ziada, na jina langu limo kwenye karatasi za safari, kwa nini tena niende kusimama mlangoni nimwombe rubani kiongozi?" Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa abiria walifika, lakini jibu lile halikuniridhisha hata mimi niliyelitoa, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwa asiyekijua, kiti chenyewe ni kile cha kukunja kilichomo ndani ya chumba cha marubani, nyuma ya viti viwili vya wenye kazi, na marubani wengi hukiita jampsiti. Kimewekwa kwa ajili ya mkaguzi wa mamlaka ya anga, mkufunzi, au mtu mwingine mwenye shughuli ya kikazi humo ndani. Kinapokuwa wazi, desturi ya kazi yetu katika nchi nyingi ni kwamba rubani mwenzetu anayekwenda kazini au anayerudi nyumbani anaweza kupewa. Wapo marubani wengi wanaoishi mbali na kituo chao cha kazi, na Marekani hasa maisha yao ya kila wiki yanategemea kiti hicho. Hapa kwetu tuko wachache, na mimi ninayerusha ndege ndogo ya injini moja sina hata kiti cha kukunja. Nina kiti cha kulia kilicho tupu, chenye usukani na pedali zake kamili, na kwa hiyo swali la nani akalie pale kwangu ni zito zaidi.

Desturi hii sikuijulia kwenye ndege. Marehemu baba yangu aliendesha basi kati ya Dodoma na Singida kwa miaka mingi, wakati barabara hiyo ilikuwa ya vumbi na mvua ikinyesha basi lililala Manyoni. Mara kwa mara dereva wa basi jingine, ambalo limeharibika au liko gereji, alikuja kuomba kusafiri. Utingo alimfahamu, na angeweza kupaza sauti tu kwamba huyu ni stafu, mambo yakaisha. Lakini mgeni hakupanda kwa neno la utingo. Alizunguka mbele ya basi hadi dirishani kwa baba, akamsalimu, akasema anatoka wapi na anakwenda wapi, kisha akasubiri. Baba alimtazama kwanza. Nilikuwa mtoto na sikuelewa alikuwa anatazama nini, hadi siku moja alipomkatalia mtu aliyemfahamu vizuri, akamwambia apande nyuma kama abiria, kwa sababu alikuwa amekunywa. Kiti cha mbele kilikuwa jirani na gia, na baba hakutaka mkono wa mlevi karibu na gia.

Kijana wangu alidhani kuomba ni unyenyekevu tunaodaiwa na wakubwa. Kwangu kuomba ni ukaguzi. Barua ya kampuni inathibitisha kwamba mtu huyu ameajiriwa na leseni yake iko hai, lakini barua iliandikwa jana au juzi, na aliyeiandika hajui mtu huyu ameamka vipi leo. Ndiyo maana katika usafiri wa anga neno la mwisho juu ya anayeingia chumba cha marubani ni la rubani kiongozi, hata kama idara zote zimeshapiga mhuri. Mgeni anapokuja mwenyewe, ameshika leseni, kitambulisho na cheti cha afya, akatoa salamu na kutaja ombi lake, rubani kiongozi anapata nusu dakika ya kumwona macho, kusikia sauti yake na kuhisi pumzi yake. Hakuna karatasi inayoweza kuifanya kazi hiyo.

Tarehe 7 Aprili 1994 ndege ya mizigo ya FedEx, aina ya DC-10, ilikuwa inaondoka Memphis, Marekani, kwenda San Jose. Mhandisi wa ndege alipofika kazini alimkuta mfanyakazi mwenzake, aliyekuwa anasafiri kama mgeni, ameshakaa kwenye kiti cha huyo mhandisi ndani ya chumba cha marubani, akikagua vifaa. Mtu yule alikuwa na haki zote za kusafiri kwa mujibu wa karatasi. Alikuwa pia amebeba nyundo na bunduki ya kuvulia samaki ndani ya sanduku la gitaa, na siku iliyofuata alitakiwa kufika mbele ya kikao cha nidhamu. Baada ya kupaa aliwavamia marubani wawili na mhandisi yule, wote watatu. Waliumizwa vibaya vichwani, wakapigana naye huku wakiirudisha ndege Memphis, nao wakapona, lakini hakuna hata mmoja wao aliyerudi kurusha ndege za kibiashara. Mimi sisemi kwamba salamu ingeyazuia yote hayo. Ninachosema ni kwamba kila ninapokisoma kisa hiki nakwama palepale mwanzoni, kwenye mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mtu kabla mwenye kiti hajafika, kwa maana hata utingo wa basi la baba asingekubali jambo hilo.

Mtu anaweza kunipinga kwa kisa cha karibuni zaidi, na ana haki ya kunipinga. Tarehe 22 Oktoba 2023, katika ndege ya Horizon iliyotoka Everett kwenda San Francisco, rubani wa Alaska Airlines aliyekuwa mapumzikoni alipewa kiti cha ziada. Alizungumza na wenzake kama kawaida, kisha angani akasema hayuko sawa, akavuta vishikio viwili vyekundu vya kuzimia moto wa injini, ambavyo vikivutwa hadi mwisho huzima injini zenyewe. Marubani wale walimzuia kwa haraka, ndege ikageuzwa na kutua Portland salama. Baadaye alieleza kwamba alikuwa hajalala kwa takribani saa 40, na kwamba siku mbili kabla alikuwa ametumia uyoga wa kulevya. Kwa hiyo ni kweli kwamba wenye ndege walimwona, na hawakuona kitu. Jibu langu ni kwamba kuomba kuna pande mbili. Anayekwenda kuomba hulazimika kwanza kujiuliza kama anafaa kupewa nafasi hiyo, na rubani ambaye hajalala siku nzima na nusu alipaswa kununua tiketi ya nyuma au kubaki alikokuwa. Ukishaifanya safari ya jampsiti kuwa jambo la kubofya kwenye simu tu, umeliondoa na swali hilo.

Upande mwingine upo, nao haunitoki akilini. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air aina ya Boeing 737 MAX ilikuwa inatoka Denpasar kwenda Jakarta, ikawa inajiinamisha pua yenyewe bila marubani kuelewa sababu. Katika kiti cha ziada alikuwepo rubani wa tatu ambaye hakuwa na zamu, akawasaidia wenzake, na mota ya mkiani iliyokuwa ikiivuta pua chini ikakatiwa umeme. Walifika Jakarta. Kesho yake ndege ileile iliondoka na marubani wengine, wawili tu, ikaanguka baharini na kuua watu wote 189. Kiti kile, pamoja na mtu anayestahili kukikalia, ni jozi ya macho ambayo hakuna kampuni inayoilipia.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani iliwafungia mlango marubani wa kampuni nyingine, na ulifunguliwa tena kwa msaada wa mfumo wa kompyuta unaohakiki kama mtu bado ni mwajiriwa na picha yake ni yeye kweli. Ni mfumo mzuri, na natamani nchi zetu za Afrika Mashariki ziwe na wa namna hiyo. Hata hivyo, hata kule mgeni bado hupita kwa rubani kiongozi na kuomba.

Sasa nageukia upande wa mwenye kutoa, kwa sababu adabu hii huvunjwa pia na waliokalia kiti cha kushoto, yaani marubani viongozi. Marekani, baada ya migomo ya marubani kama ule wa Continental ulioanza mwaka 1983 na ule wa United wa siku 29 mwaka 1985, waliovuka mstari wa wagomaji na kuendelea na kazi walinyimwa jampsiti na wenzao kwa miaka mingi. Naelewa uchungu wa mtu aliyepoteza mshahara akisimamia haki ya wote, huku jirani yake akipita mlango wa nyuma. Lakini siamini kwamba kiti hicho ni mahali pa kulipizia. Rubani kiongozi amepewa neno la mwisho kwa ajili ya usalama wa safari, na akilitumia kwa kinyongo amechukua kitu cha abiria na kukifanya chake.

Yamenikuta. Miaka sita iliyopita nilikuwa Dar es Salaam, mama yangu akiwa amelazwa hapa Dodoma akisubiri upasuaji. Kampuni yetu ilikuwa na makubaliano ya kubebana na kampuni nyingine, nikaenda kuomba kama inavyotakiwa. Rubani kiongozi aliitazama leseni yangu, akasoma jina la mwajiri, akasema kampuni yenu ilituchukulia rubani bila taarifa. Nikamwambia, "Asante Kapteni, safari njema," kwa sababu aliyenyimwa habishani mlangoni. Ndege iliondoka na kile kiti kikiwa kitupu. Nilisafiri kwa basi la alfajiri, na tulipokuwa tunakaribia Gairo dereva, ambaye alikuwa ameanza kazi kama utingo wa baba, alinitambua kwenye kioo, akamtuma konda anihamishe kiti cha mbele. Nilipofika mama alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji. Alipona, namshukuru Mungu, lakini aliingia mle bila kuniona.

Kukataa kwa sababu ya kazi ni jambo jingine kabisa, na wageni wajifunze kulipokea. Uwanja wetu wa Dodoma uko mita zipatazo 1,119 juu ya usawa wa bahari. Oktoba na Novemba, saa nane au saa tisa mchana, hewa huwa nyepesi kwa joto, injini na mabawa hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kuruka. Kilo 80 za mgeni na kilo 15 za begi lake, kwa ndege kama yangu, ni mafuta ya takribani nusu saa. Siku kama hiyo nikisema hapana, namba zimenisemea.

Oktoba mwaka jana ilikuwa hivyo. Kijana mmoja wa kampuni nyingine alinifuata nikiwa chini ya bawa nakagua, kofia mkononi. "Shikamoo Kapteni." Nikaitikia marahaba. Akajitaja, akanipa leseni, akasema anakwenda Dar es Salaam kufanya mtihani wa afya, na akaongeza kabla sijauliza, "Mimi nina kilo 74 na begi kilo 12. Begi naweza kuliacha, kuna ndugu atalifuata." Nilipiga hesabu mbele yake kwenye karatasi, tukaliacha begi. Alipopanda alisogeza kiti nyuma hadi mwisho, akavuta miguu mbali na pedali, mikono akaiweka mapajani. Hakusema neno tangu injini ilipowashwa hadi tulipopita futi 10,000, isipokuwa mara moja tu. Tulikuwa tumeinuka muda mfupi tu kutoka ardhini, macho yangu yako kwenye joto la injini, akasema kwa sauti ya chini, "Ndege wakubwa, kulia, juu kidogo." Walikuwa tai watatu wakizunguka kwenye hewa ya joto. Niligeuka kushoto kidogo tukawapita.

Dar es Salaam alishuka wa mwisho, baada ya abiria wote, akanishukuru kwa mkono. Nilipoingia tena kuchukua daftari langu nilikuta mikanda ya kiti cha kulia imefungwa na kulazwa juu ya kiti, ili isije ikanasa kwenye usukani.