Mfinyanzi Bado Hulia Gaeni

Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza, Mortimer Wheeler, aliizunguka pwani ya Tanganyika hadi visiwa vya Kilwa, akaona vipande vya vyombo vya kauri vingi kiasi cha kuzolewa kwa koleo. Akasema kwamba kuanzia karne ya 10, historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri za Kichina. Ni kauli tamu, ndiyo maana inarudiwa mpaka leo. Mimi naona imetudhuru.

Chimba mji wowote wa kale wa Waswahili, uwe Shanga kule Pate au Kilwa Kisiwani, kisha mwaga mezani vigae vyote, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, uvihesabu. Katika kila kumi, zaidi ya tisa vitakuwa vya vyombo vya udongo vilivyofinyangwa huku huku kwetu, kwa mkono, bila gurudumu. Kauri za China, mitungi ya rangi ya feruzi iliyotoka Ghuba ya Uajemi na mabakuli ya manjano ya Yemen vyote vinagawana kile kidogo kilichobaki. Lakini ingia kwenye makumbusho uone ni kipi kimewashiwa taa. Niliwahi kukuta bakuli la kijani la Longquan, China, likiwa na kabati lake la kioo na maelezo marefu ya karne na jimbo lilikotoka, na hatua chache kutoka hapo chungu cha udongo kimewekwa sakafuni, kibandiko chake kimeandikwa neno moja tu: chungu.

Kauri zina kazi yake, tena kubwa. Tanuri za China zinajulikana zilipokuwa, na mitindo yake ilibadilika upesi, hivyo kipande cha Changsha kikiibuka kwenye tabaka fulani la ardhi unajua uko karibu na karne ya 9, na cha buluu na nyeupe cha enzi ya Ming kinakuleta mbele kwa miaka mia tano au sita. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, walivitegemea sana vipande hivyo kupata tarehe zao. Wazee wetu wenyewe walizienzi kauri. Lamu walizipanga kwenye zidaka, Kunduchi na Mambrui wakazipachika kwenye nguzo za makaburi ili kila apitaye ajue kwamba marehemu alikuwa mtu wa mahusiano ya mbali.

Tulipopotea ni pale tulipotoka kwenye “vyombo vya wageni vinatupa tarehe” tukaishia kwenye “wageni ndio waliotujengea miji.” Chittick aliamini miji kama Manda, karibu na Lamu, ilianzishwa na watu waliohamia kutoka Ghuba. Vyombo vya wenyeji vya karne hizo za mwanzo akaviweka kwenye kundi aliloliita vyombo vya kale vya jikoni. Kwa wasomaji wengi hilo lilitosha. Cha jikoni ni cha kupikia, kina historia gani?

Kina historia nyingi. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti midogo zaidi, mmoja chini ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya miti na ya karne ya 8. Watu waliosali humo walipikia vyungu vyenye shingo iliyochorwa pembetatu kwa ncha kali, udongo ukiwa bado mbichi. Chungu cha namna hiyo utakikuta Unguja Ukuu, utakikuta Kilwa na visiwa vya Komoro, na hata Chibuene huko Msumbiji. Utakikuta pia Dakawa, Morogoro, bara kabisa, mahali ambapo watu walikuwa wakiyeyusha chuma. Hakuna jahazi lililopeleka pembetatu hizo Dakawa. Zilisambaa kwa watu waliokuwa wakioana na kubadilishana bidhaa, kila binti akijifunza kufinyanga kwa mama au mama mkwe wake.

Wataalamu wamebishana sana juu ya asili ya vyungu hivi. Horton aliviita kwa jina la mto Tana, akielekeza macho kaskazini. Mwanaakiolojia Mtanzania, Felix Chami, aliviita kwa pembetatu zake, akavifungamanisha na vyungu vikongwe zaidi vya Kwale, Kenya, vya wakulima na wahunzi wa karne za kwanza baada ya Kristo. Mimi naegemea kwa Chami, kwa sababu naona vigumu kuamini kwamba pwani iliyokuwa na wafinyanzi kwa karne kadhaa ilingoja ufundi uletwe upya. Lakini angalia jambo moja: wote wawili wanabishania udongo wa hapa, na katika ubishi huo kauri ya China haina sauti kabisa.

Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa DNA za watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani. Wengi wa watu hao wa pwani zaidi ya nusu ya nasaba yao ilikuwa ya Kiafrika, hasa upande wa mama, na upande wa baba ukaonekana mchango mkubwa wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Shanga ilikuwa imeshatimiza zaidi ya miaka 200 wakati huo. Na kwa kuwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki ufinyanzi ni kazi ya wanawake, inayorithiwa kwa mama, bibi au mama mkwe, mimi nasoma zile damu na vile vyungu kwa pamoja.

Sehemu inayonigusa zaidi ni Pemba. Huko, kwenye makazi ya Tumbe ya karne ya 7 hadi ya 10, vimepatikana kwa wingi vigae vyenye mifereji. Chungu kikivunjika, mtu aliokota kigae akakifanya tupa ya kusugulia shanga za kombe mpaka kikachimbika. Kwingineko, Kilwa ikiwemo, vigae vilichongwa duara vikatobolewa katikati, vikawa vya kusokotea uzi wa pamba. Kwa hiyo chungu kilipika, kikavunjika, halafu kikaingia kwenye kazi ya kutengeneza bidhaa.

Mapishi nayo yalibadilika. Mabaki ya nafaka ya Pemba yanaonyesha kwamba zamani uwele na mtama ndivyo vilivyotawala, kisha kuanzia karne ya 11 mchele ukashika nafasi, hasa mjini Chwaka. Ni katika nyakati hizo mabakuli ya wazi, ya udongo wetu na ya kigeni, yanaongezeka katika miji ya pwani. Chungu chenye shingo ni cha kuchemshia, bakuli la wazi ni la kupakulia mbele za watu. Unamwona mwenye nyumba anayetaka kuheshimika kwa kulisha wageni wengi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli kwenye sahani kubwa ya mbao, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Bakuli la Longquan lina raha yake, lakini lilikuja kuungana na karamu ambayo tayari ilikuwa na mpishi.

Sasa linganisha na tunachoshangilia. Mwaka 2013 sarafu moja ya Mfalme Yongle wa China ilipatikana Manda, na habari ikazunguka dunia nzima. Vigae vya udongo vinavyochimbuliwa kila msimu havitangazwi popote.

Ningependa kuona mambo mawili. Kwanza, wafinyanzi waliopo waitwe kwenye utafiti wakiwa walimu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao huuzwa Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanaujua udongo kwa kidole. Mfinyanzi mzoefu akishika kigae cha miaka elfu anaweza kuona alama ya mkono ulivyopita, mahali ambapo mimi na wewe tunaona uchafu tu. Huyo alipwe kwa elimu yake, na jina lake liwekwe kwenye ripoti.

Pili, vibandiko vya makumbusho viandikwe upya. Chungu kiwe na karne yake, kijiji kilikochimbuliwa, kilichopikwa ndani yake kama masizi yamepimwa, na namna kilivyochomwa. Kiwekwe bega kwa bega na kauri iliyotoka tabaka lile lile, kwa sababu vilikaa nyumba moja. Na wewe utakayetembelea Kilwa, kigae ukikiona mchangani, kiwe cha buluu au cheusi cha masizi, kiache pale pale. Kikishahamishwa bila kuandikwa kilipokuwa, hakuna mtaalamu atakayeweza tena kusema ni cha tabaka gani.