Nusu toni inayolaumiwa bure

Mtunzi akipeleka studio wimbo ulio katika C meja, na ndani ya kiitikio ameweka F maina, kodi (yaani sauti tatu zinazopigwa pamoja) isiyo ya kawaida hapo, mara nyingi ataambiwa moja kati ya mambo mawili: amekosea, au anajionyesha. Anayesema amekosea anasikia sauti isiyomo katika ufunguo, yaani zile sauti saba za wimbo, do mpaka ti. Anayesema anajionyesha anaamini pop ni muziki wa kodi nne zinazojirudia, na kwamba atakaye zaidi ya hapo aende kwenye jazi.

Wote wawili wana hoja, lakini wanadhani kwamba kodi hiyo imetoka mbali. Tukiiita C do, F meja ni fa, la na do. F maina ni fa, la iliyoshushwa nusu toni, na do. Sauti mbili kati ya tatu hazikuguswa. Ile ya tatu imesogea kwa hatua ndogo kuliko zote zilizopo kwenye kinanda.

Hesabu hii ningependa kila mtunzi aifanye mwenyewe. Kuna kodi 12 za maina. Katika C meja, tatu ni za ndani: D, E na A. Zinabaki tisa, na watu huziita zote "za nje" kana kwamba ziko umbali mmoja. Haziko. Nne kati yake, yaani C, F, G na B, zina sauti moja tu ngeni. Nne nyingine zina mbili. Moja peke yake, E-fleti maina (E iliyoshushwa nusu toni), haina hata sauti moja inayopatikana katika C meja. Tofauti kati ya sauti moja ngeni na tatu ni kubwa mno kwa sikio, na bado ushauri unaotolewa ni uleule: kaa ndani ya ufunguo. Ushauri huo unamkinga mtunzi dhidi ya E-fleti maina, ambayo kwa kweli ni vigumu kuitumia, lakini unamnyima F maina ambayo ni jirani wa ukuta mmoja.

Na jirani huyo anafanya kazi ambayo kodi za ndani haziwezi. Piga F meja, kisha F maina, kisha C. Sikiliza sauti ya katikati: la, la iliyoshushwa, so. Inateremka nusu toni kwa nusu toni mpaka inatua ndani ya C. Huzuni tunayoisikia pale imetokana na mteremko huo, si na jina la maina pekee, maana A maina na D maina zipo katika ufunguo siku zote na hazimshtui mtu. Mtunzi Mmarekani Cole Porter alilielewa hilo. Katika "Ev'ry Time We Say Goodbye" ya 1944, maneno yanapotaja badiliko kutoka meja kwenda maina, kodi nazo zinabadilika hapohapo.

G maina ni kisa kingine. G meja ina ti, inayovuta kwenda do. Ukiishusha ti, mvuto unakatika, wimbo unalegea na hauna tena haraka ya kurudi nyumbani. Ukitaka kiitikio kinachoelea badala ya kutua, hiyo ndiyo kodi yako.

Sasa upande wa pili, ambao siupuuzi. Hatari ya kwanza iko kwenye melodia. Mwimbaji akishikilia la ya kawaida juu ya F maina, sauti mbili zinagongana kwa nusu toni, na msikilizaji hatasema "huzuni", atasema "wamekosea". Waitikiaji wanaoimba kwa sikio ndio hunaswa zaidi, kwa sababu koo lao linarudi lenyewe kwenye la waliyoizoea. Wengi wanaoikataa kodi hii waliisikia ikiimbwa vibaya, na nawaelewa.

Hatari ya pili ni mazoea. "Creep" ya bendi ya Radiohead, ya 1992, inazungusha kodi nne tu, na ya mwisho ni ile inayojengwa juu ya fa ya ufunguo wake, ikigeuzwa maina. Albert Hammond na Mike Hazlewood wametajwa kuwa watunzi wenza wake, kwa sababu inafanana na "The Air That I Breathe" waliyoiandika wao. Njia ikishakanyagwa kiasi hicho, haitoshi tena kuipita na kungoja watu walie. Lakini kilichochakaa naona ni mahali inapowekwa, mwishoni mwa mstari, kila mzunguko, hata pale maneno hayajabadilika. Iweke mara moja, kwenye neno linaloihitaji, na itasikika mpya.

Kuhusu mgongano, dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mpe mwimbaji do, aishikilie bila kusogea, huku kinanda kikitoka C meja kwenda F meja, kisha F maina, kisha kurejea C. Do imo katika kila moja ya kodi hizo. Waitikiaji wape fa, na la iliyoshushwa aichukue mmoja tu, yule mwenye sikio imara kuliko wenzake. Mwimbaji mkuu hatabadilisha chochote, na ikifika kodi ya tatu do yake ileile itasikika kama ya mtu aliyekumbuka jambo.