Shingo ya Mtu Mwingine

Katika filamu zote za madubwana nilizotazama, zile zinazonifanya nilale na taa ikiwaka si zile zenye dubwana lililotengenezwa kwa ustadi hadi magamba yake yakahesabika, bali ni zile zinazojidai kuwa kanda iliyookotwa baada ya wenyewe kufa au kutoweka. Kwa maoni yangu, hofu yake haitokani sana na dubwana. Inatokana na shingo ya aliyeshika kamera. Filamu ya kawaida hutuonyesha hata yale ambayo wahusika hawayaoni, lakini hapa tunafungiwa nyuma ya macho ya mtu mmoja, na asipogeuka, nasi hatuna namna ya kugeuka, ingawa mlio wa nyuma yake tumeusikia sote.

Cloverfield ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Matt Reeves, ndiyo ninayoirudia mara kwa mara. Watu wamemiminika mtaani New York baada ya mlipuko, kitu kizito kinashuka kutoka angani, kinabiringika barabarani na kusimama: ni kichwa cha Sanamu ya Uhuru. Aliyekirusha hatujamwona bado, na baadhi ya watu, badala ya kukimbia, wanatoa simu na kukipiga picha.

Filamu hiyo, kwa kamera yake inayotikisika, iliwatia watazamaji wengi kizunguzungu na kichefuchefu, hata baadhi ya kumbi za sinema Marekani zikabandika matangazo ya tahadhari. Macho huuambia ubongo kwamba mwili unakimbia, ilhali sikio la ndani, ambalo hulinda mizani ya mwili, linasisitiza kwamba umekaa kitini. Mimi nilishindwa kabisa, nikaimaliza nusu saa ya mwisho nikiwa nimekodolea mguu wa kiti cha mbele yangu, nikisikiliza tu. Ajabu ni kwamba niliogopa zaidi.

Hata hivyo, sitetei kila kamera inayotikisika. Wapo waongozaji wanaoutumia mtikisiko kama pazia la kufichia dubwana la bei rahisi, na mtazamaji huwagundua upesi, kwa kuwa kamera yao huchanganyikiwa palepale kitu kinapotaka kuonekana. Filamu ya Norway ya mwaka 2010, Trolljegeren, haikuhitaji hila hiyo: mazimwi yake yanaonekana waziwazi, na mwindaji aliyechoka na kazi yake hulazimika kujaza fomu ya serikali kila anapoua moja. Hainitishi sana, lakini fomu ile ilinishawishi kuliko meno yoyote.

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeendelea kurekodi huku anafukuzwa. Zamani niliikubali, leo, nikiwakumbuka wale wenye simu mbele ya kile kichwa, siikubali tena. Isitoshe, filamu hizi hujua kutulipiza kwa kung'ang'ania kutazama. Karibu na mwisho wa Cloverfield, Hud, ambaye ndiye aliyekuwa akirekodi, anauawa na kuanguka mbele ya kamera yake. Kamera haizimiki. Lenzi inahangaika yenyewe kutafuta cha kukaza: mara majani yanakuwa wazi na uso wake ukungu, mara uso unakuwa wazi na majani ukungu, kisha majani tena.